Jeki ya magurudumu kwa gari la nyumbani: maswali ninayoulizwa sana hapa Malindi

Wanaonijia kwa shauri la jeki huanza na tani. "Fundi, ninunue ya mbili au ya tatu?" Mimi humrudishia mtu swali: gari lako unalitengenezea wapi? Malindi hii kuna waliosakafia, kuna wenye kabro, yale matofali ya saruji ya kupangwa chini, na wengi wetu tunatengeneza gari juu ya mchanga chini ya mwembe. Jeki inayomfaa jirani yako inaweza kukuangushia gari wewe. Ndiyo maana majibu haya yanaanza na ardhi, tani zije baadaye.

Uwanja wangu ni mchanga mtupu. Jeki ya magurudumu itafanya kazi?

Ukiiweka mchangani hivi hivi, haitafanya. Na tatizo si kuzama peke yake. Tazama mkono wa jeki unavyopanda: hauendi wima, unakwenda kwa upinde, kisahani cha juu kikipanda huku kikirudi upande wa mpini. Gari umeshalizuia lisisogee, kwa hiyo jeki ndiyo inayotakiwa kujisogeza yenyewe ndani, chini ya gari, kila unapopiga mpini. Yale magurudumu yake yaliwekwa kwa kazi hiyo kabla ya kazi ya kuiburuta. Yakikwama mchangani, jeki haisogei, na kinachosogea ni kisahani juu ya chuma cha gari. Utasikia mkwaruzo mdogo, kisha gari linashuka lenyewe.

Dawa yake ni ubao. Tafuta plaiwudi ya milimita 18, na ukipata vipande viwili ukavipigilia pamoja ni bora zaidi. Upana upite magurudumu ya jeki pande zote mbili kwa kiasi cha kiganja, na urefu uwe wa kuiachia jeki nafasi ya kujisogeza bila kufika ukingoni. Mafundi wa mashua hubakiwa na vipande vya mbao ngumu ambavyo ni vizuri sana kwa kazi hii, na mara nyingi hawavidai bei. Sawazisha mchanga kwanza, umwagie maji, ukanyage mpaka ushikane, ndipo ulaze ubao. Stendi, zile nguzo za chuma za kubeba gari likishainuliwa, nazo zitataka mbao zake.

Kama nyumba ni yako na unajua utakuwa ukilitengeneza gari hapo miaka, mwaga slabu ya zege ya inchi nne, iliyo sawa, yenye upana wa gari na nafasi ya wewe kujilaza kando. Si lazima isakafie uwanja mzima. Nimeona watu wakinunua jeki ya bei kubwa kisha wakaishusha mchangani. Fedha ile ingetangulia kwenye saruji.

Mimi nina kabro. Hapo si nimepona?

Nusu. Kabro hulazwa juu ya mchanga, na zile za ukingoni huzama zikikanyagwa na uzito mkubwa mahali padogo. Tena magurudumu ya jeki ndogo ni ya chuma na ni membamba, huingia kwenye viungo vya kabro yakakaa humo. Ule ubao niliousema juu unakuhusu wewe pia. Wa lami, jihadharini na saa za mchana: jua la hapa huilainisha, na miguu ya stendi huingia taratibu huku wewe uko chini ya gari huna habari. Weka kipande cha bati nene la chuma au ubao chini ya kila stendi.

Mteremko sina jibu lake ila moja: usiinue gari hapo.

Haya, sasa tani ngapi?

Jeki haiinui gari zima. Inainua pembe moja, au mbele yote, au nyuma yote. Probox ina uzito wa kama kilo 1,100 ikiwa tupu, na kwa kuwa injini na gia viko mbele, sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele: chukulia kilo 650 hivi. Vitz ni nyepesi zaidi. Kwa hiyo jeki ya tani mbili inawainua hao bila jasho. Prado ni habari nyingine, inazidi tani mbili, lakini hata yeye ukimwinua mbele tu unabeba karibu nusu yake.

Utauliza, basi kwa nini nawaambia wenye Prado, Hilux na kombi wachukue ya tani tatu? Kwa sababu ya umbo. Jeki ya tani tatu kwa kawaida ni ndefu zaidi, pana zaidi, mpini wake mrefu, na inapanda juu zaidi. Upana ndio unaoizuia isipinduke, na kimo ndicho kitakachokuwezesha kulitoa gurudumu. Nguvu ya ziada ni kama nyongeza ya muuza samaki, huikatai lakini hukuifuata hiyo.

Shusha mizigo kabla ya kuinua. Probox yenye makreti ya samaki na mitungi ya maji si ile ya kilo 1,100 tena.

Nipime urefu gani kabla ya kununua?

Hapa ndipo watu hurudisha jeki dukani. Kuna vimo viwili: kimo cha chini, jeki ikiwa imelala kabisa, na kimo cha juu, ikiwa imesimama mwisho wake. Jeki nyingi za kawaida za tani mbili zina kimo cha chini cha milimita 130 hadi 140, na cha juu hufika milimita 330 au 350. Zile za magari ya chini zinaweza kulala mpaka milimita 75 au 90. Za tani tatu, nyingi hupanda hadi kati ya milimita 460 na 500.

Chukua futi uingie chini ya gari lako, upime kutoka ardhini mpaka mahali pa kuinulia. Kisha fikiria gurudumu likiwa na pancha: gari litashuka, na jeki iliyopita jana kwa raha leo haipiti. Ukibanwa hivyo, pandisha kwanza gurudumu lenyewe juu ya kipande cha ubao wa inchi mbili, taratibu, ndipo usukume jeki.

Kwa kimo cha juu, hesabu ni hii. Tuseme mahali pa kuinulia pako sentimita 20 kutoka chini. Ukianza kuinua, gurudumu halitoki chini mara moja, kwa sababu springi inajinyoosha na gurudumu linaning'inia. Hiyo inakula kama sentimita 10. Halafu unataka nafasi ya kuingiza tairi lililojaa upepo, ongeza nne au tano. Umeshafika 35, na bado hujaweka stendi. Sasa unaona kwa nini jeki ya kimo cha 33 inakusononesha ingawa tani zake zinatosha kabisa. Na wale waliopandisha springi kwa ajili ya barabara za Magarini, ongezeni urefu huo kwenye hesabu.

Hilux na kombi nyingi zina eksel nzima nyuma, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili. Ukiweka jeki chini ya eksel yenyewe, karibu na gurudumu, unakwepa ule mning'inio, gurudumu linapanda moja kwa moja. Lakini angalia usibane paipu ya breki.

Jeki iliyokuja na gari haitoshi?

Inatosha kwa pancha barabarani. Ile ya mkasi ni ya kubadilisha gurudumu ukaenda zako. Kitako chake ni kidogo, haipendi kusukumwa upande, na ukifungua nati zilizoshika kutu kwa spana ndefu gari linayumba juu yake. Kwa brekipedi, kwa oili, kwa kazi yoyote ya saa nzima, hapana.

Na jeki ya chupa? Ni rahisi na ina tani nyingi.

Ina nguvu kweli, na ni ndogo, unaiweka chini ya kiti. Madereva wa malori hawana nyingine. Kwa gari dogo shida yake ni kimo: yenyewe ikiwa imelala ina urefu ambao mara nyingi haupiti chini ya Vitz. Na kitako chake ni kama sahani ya chai. Inapanda wima, kwa hiyo haina haja ya kujisogeza, na hilo mchangani ni jema, mradi iwe juu ya ubao mnene. Mwenye Land Cruiser asiyekuwa na sakafu, namwambia bila aibu anunue ya chupa na stendi nzuri, aachane na ya magurudumu.

Ni lazima ninunue stendi? Fundi wangu hutumia mawe.

Ni lazima, na jibu hili ningelipenda liwe la kwanza, ila najua watu huliruka.

Gari likiwa juu ya jeki, linabebwa na oili iliyofungiwa ndani ya silinda. Kinachoizuia isirudi ni gololi ndogo iliyokaa kwenye tundu lake na mpira mmoja wa sili. Chembe ya mchanga ikiingia kati ya gololi na tundu, oili inapita. Mpira ukichakaa, inapita. Mtoto akiuchezea mpini akauzungusha, inapita yote kwa pamoja. Stendi haina oili. Ni chuma kimekaa juu ya chuma. Jeki inainua, stendi inabeba, na mtu haingizi hata mkono chini ya gari mpaka uzito umeshuka kwenye stendi na umelisukuma gari kwa bega ukaona limetulia.

Mawe ya matumbawe tunajengea nyumba, nyumba zinasimama miaka mia, lakini ukutani jiwe limebanwa pande zote na uzito umetandazwa. Chini ya gari uzito unaingia kwenye nukta moja, na jiwe lina matundu ndani usiyoyaona. Bloku ya saruji ni mbaya zaidi, maana haikupi onyo: haipindi, haiinami, inapasuka tu. Kipande cha gogo gumu kilicholala, sawa, kiwe akiba ya pili. Gurudumu ulilolitoa pia lilaze chini ya kingo ya gari. Gari likianguka litaangukia hilo.

Stendi zenyewe zina aina mbili. Za meno, ambazo unainua nguzo na jino linajifunga, na za pini, ambazo unapitisha pini kwenye tundu. Za meno ni za haraka. Mimi napenda za pini kwa sababu kosa lake linaonekana kwa macho. Mwaka 2020 kampuni ya Marekani ya Harbor Freight iliita zirudishwe stendi za nembo ya Pittsburgh za tani 3 na tani 6, kwa kuwa meno yake yangeweza kuachia. Kisha baadhi ya stendi zilizotolewa badala yake zikaitwa nazo, safari hii kwa hitilafu ya kuchomelea. Kwa hiyo hata mpya kabisa ikague: tazama mshono wa kuchomelea, hakikisha jino limeingia lote, bonyeza chini kabla ya kushusha gari. Na soma maandishi vizuri, kuna stendi ambazo tani zilizoandikwa ni za mbili kwa pamoja.

Kama fedha hazitoshi vyote viwili, punguza kwenye jeki, ununue na stendi siku hiyo hiyo. Jirani akija kuazima jeki, mpe na stendi. Akisema stendi hazihitaji, jeki nayo imeharibika leo.

Chini ya gari niguse wapi?

Kitabu cha gari kina mchoro. Kama kilikuja kwa Kijapani, mchoro hauna lugha. Magari mengi madogo yana kingo ya chuma inayopita chini ya milango, na karibu na kila gurudumu kuna alama mbili za kukatwa kidogo. Kati ya alama hizo ndipo. Kisahani cha chuma kitupu huikunja kingo hiyo na kuibandua rangi, na rangi ikibanduka hapa pwani kutu haikawii. Nunua raba yenye mfereji katikati, au kata ya kwako kutoka kwenye tairi kuukuu.

Mbele katikati kuna chuma kipana kinachobeba injini, na huko unaweza kuinua mbele yote mara moja ukaweka stendi mbili. Usiguse sampu, lile karai la oili chini ya injini, usiguse sanduku la gia, usiguse sakafu ya gari. Haya yatapinda au kutoboka.

Nimevuta handbreki na gia ya otomatiki iko P. Bado nizuie magurudumu?

Bado. Handbreki ya magari mengi inashika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, imeshika magurudumu yaliyo hewani. P nayo inashika yale yanayovutwa na injini, ambayo kwa Probox ya kawaida, ile isiyovuta kwa magurudumu manne, ni ya mbele. Ukiinua gurudumu moja tu la mbele, P haikusaidii hata kidogo: lile la hewani linaweza kuzunguka kinyume na lenzake likasogea. Kata kabari mbili za mbao, zitie mbele na nyuma ya gurudumu lililobaki chini upande wa pili. Kazi ya dakika kumi kwa seremala.

Aluminiamu au chuma, kwa hewa yetu ya chumvi?

Aluminiamu haifanyi kutu nyekundu na ni nyepesi, ila bei yake ni nyingine. Tena boliti, ekseli na silinda yake bado ni chuma, na pale chuma kinapogusana na aluminiamu kwenye chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, utaona unga mweupe. Kwa anayeiacha jeki mahali pamoja mimi nasema chuma. Mwenye kuipakia garini kila wiki, au mwenye mgongo mbovu, achukue aluminiamu; ya chuma ya tani tatu inaweza kupita kilo 30.

Utunzaji ndio unaozidi. Kusi ikivuma huleta chumvi mpaka ndani ya chumba. Hifadhi jeki ikiwa imelala kabisa, kwa sababu ile nguzo inayong'aa ikiwa ndani ya oili haipati kutu, na nguzo yenye kutu hukata sili kama msasa. Futa mchanga kila baada ya kazi. Grisi kwenye magurudumu na kwenye viungo vya mkono. Ifunike kwa gunia au turubai, isiwe nailoni inayobana jasho.

Inashuka yenyewe polepole. Imekufa?

Pengine sivyo. Kwanza hakikisha mpini umezungushwa wote kufunga. Kama bado, kuna uchafu kwenye valvu, oili imepungua, kuna hewa ndani, au sili imechoka.

Hewa ndiyo rahisi kuitoa. Shusha jeki kabisa, legeza valvu, piga mpini mara kumi na kitu bila mzigo, fungua kizibo cha oili hewa itoke, jaza oili mpaka chini kidogo ya tundu, funga, ujaribu. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa ina maji, imwage yote. Sili zinauzwa kwa seti ukimpelekea muuzaji ile ya zamani alinganishe. Ile skrubu nyingine iliyopigwa rangi au kuzibwa ni valvu ya kuzuia uzito kupita kiasi, imepimwa kiwandani, usiiguse.

Oili gani? Nimeambiwa ya breki inafaa.

Aliyekuambia hana jeki, au alikuwa nayo. Oili ya breki inaharibu sili za jeki, zinavimba na kulainika. Tumia oili ya haidroliki, namba 22 au 32. Kwa joto la hapa 32 iko sawa. Ya injini ni nzito mno na ina dawa za kusafisha injini ambazo jeki haina haja nazo.

Nimepata ya mtumba. Nitaijaribuje?

Usinunue kwa macho. Mwombe muuzaji aiinulie gari hapo hapo, pima kimo kwa futi, ngoja dakika kumi, pima tena. Isishuke. Kisha azungushe mpini kidogo sana: jeki nzuri inashusha taratibu unavyotaka, mbovu inaanguka. Tazama chini yake kama kuna oili mpya. Angalia kama mkono umechomelewa mahali ambapo kiwanda hakikuchomelea. Hiyo iache hata ukipewa bure. Na kibandiko cha tani kiwepo. Jeki zilizotengenezwa kwa viwango vya Ulaya huandikwa EN 1494, za Marekani hutaja ASME. Maandishi peke yake si ushahidi, lakini jeki isiyo na maandishi yoyote, hata jina la mtengenezaji, humjui wa kumlaumu.

Mimi ni dereva wa tuktuk. Ninunue ipi?

Baki na fedha zako. Wawili wanailaza upande kwa mikono, na kwa pancha jeki ndogo ya chupa inatosha.

Niko kisiwani Lamu, gari liko Mokowe, ng'ambo bara. Mnanishauri nini?

Jeki ikae Mokowe na gari. Kuivusha kwa boti kila mara ni kuinywesha maji ya chumvi, na ukishuka upande wa pili utatafuta punda wa kuibeba. Watu wengi wa huko huliacha gari uwanjani kwa mtu wiki nzima au zaidi, kwa hiyo chukua ya chuma, ya tani tatu ikiwa ni Land Cruiser na uwanja umesakafiwa, uiweke ndani ya sanduku la mbao pamoja na stendi, kabari na ubao wake. Ukirejea baada ya muda mrefu, ipandishe na kuishusha mara mbili tatu bila mzigo kabla ya kuiingiza chini ya gari.